Kuwasilisha utafiti kwenye mkutano wa kisayansi: mwongozo kamili wa bango na wasilisho la mdomo

Mara ya kwanza kusimama kando ya bango langu, saa nzima ilipita bila mtu kuniuliza swali. Watu walikuja, wakapunguza mwendo, wakatupia jicho kichwa cha bango, wakaendelea na safari yao. Kikao kikiwa karibu kufungwa akaja mama mmoja mtu mzima, mtafiti wa siku nyingi, akasoma mistari mitatu kisha akanigeukia: "Mwanangu, hebu nieleze tu. Mmegundua nini?" Nikaanza na historia ya tatizo. Nikaja kwa waliotutangulia, nikaingia kwenye mbinu. Alinisikiliza kwa upole mpaka tukatangaziwa kwamba muda umekwisha, na mimi nilikuwa sijafika kwenye matokeo. Ilikuwa kazi ya zaidi ya mwaka mmoja maabara, kazi nzuri, na ilitoka ukumbini vile ilivyoingia, hakuna aliyeijua.

Swali la yule mama ndilo ninaloanzia kila ninapoandaa bango au wasilisho, na ndilo nitakalokuwa nikilirudia hapa. Mtu anayefika kwenye bango lako, au anayekaa kitini kukusikiliza, hana subira ya kukufuata hatua kwa hatua mpaka ufike kwenye jibu. Anataka kujua mlichopata. Akishakijua, ndipo ataamua kama anataka kujua pia mlikipataje.

1. Andika jibu kwa sentensi moja

Usifungue kompyuta kwanza. Chukua karatasi, andika sentensi moja inayojibu "Mmegundua nini?" Iwe sentensi ambayo mtu mwingine anaweza kuikubali au kuipinga.

Tuchukue mfano wa kubuni, ambao tutakwenda nao mpaka mwisho: umechunguza mbegu zilowekwe kwa muda gani kabla ya kupandwa. Wengi wataandika hivi: "Athari za muda wa kuloweka katika uotaji wa mbegu." Hiyo ni mada, haijasema kitu. Ukijaribu tena: "Muda wa kuloweka una athari kubwa katika uotaji wa mbegu." Afadhali kidogo, ila msikilizaji bado hajui aloweke au aache. Jaribio la tatu: "Mbegu zilizolowekwa usiku mmoja huota mapema kuliko zilizopandwa kavu, lakini zikikaa majini siku mbili, nyingi huoza." Hapo umesema. Mtu anaweza kukuuliza ni mbegu gani, maji yalikuwa na joto kiasi gani, na huo usiku mmoja ni saa ngapi. Mazungumzo yameanza.

Mpe sentensi yako mtu asiye wa fani yako. Ongeeni mambo mengine kwa dakika kumi, kisha mwombe akurudishie kwa maneno yake. Alichokikumbuka ndicho ukumbi utakachokikumbuka. Kama umeshindwa kabisa kuandika sentensi hiyo, ama matokeo hayajaiva, ama una kazi mbili ndani ya moja na inabidi uchague ipi utaipeleka.

2. Ikisiri

Mikutano mingi hutaka ikisiri, yaani muhtasari mfupi wa kazi yenu, miezi kadhaa kabla, mara nyingi isiyozidi maneno 250 au 300. Soma masharti yote kabla ya kuandika: idadi ya maneno, kama majedwali yanaruhusiwa, kama mwasilishaji lazima awe amelipia usajili, na mwisho wa kupokea ni saa ngapi na kwa majira ya nchi gani. Watu hukosa nafasi kwa sababu ya hilo la mwisho.

Tatizo liwe sentensi moja au mbili, swali lenu sentensi moja, mbinu mbili au tatu, kisha nafasi yote iliyobaki wape matokeo pamoja na tarakimu zake, halafu maana yake. Usiandike kwamba matokeo "yatajadiliwa mkutanoni". Anayepanga ratiba akiona maneno hayo anaelewa kwamba matokeo hayapo.

Kabla ya kutuma, kila mwandishi mwenza aione na aikubali. Huu si uungwana tu. Jina lake litachapishwa juu ya maneno hayo. Na kama kazi yenu ina ugunduzi mnaotaka kuuombea hataza (haki ya kisheria inayomlinda mgunduzi), zungumzeni na mtaalamu wa hataza kabla ikisiri haijatoka mikononi mwenu. Katika nchi nyingi, ugunduzi ukishatangazwa hadharani, hata kwa bango au ikisiri, haki ya hataza inaweza kupotea. Marekani humpa mgunduzi mwaka mmoja wa kuomba tangu alipoutangaza. Ulaya kwa kawaida hakuna nafasi hiyo.

Ikikataliwa, usiitupe. Mwaka 1983 Barry Marshall alituma ikisiri kwenye mkutano wa chama cha madaktari wa tumbo cha Australia, kuhusu bakteria aliowaona pamoja na Robin Warren kwenye matumbo ya wagonjwa. Ilikataliwa. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyohiyo.

3. Bango au mdomo?

Ukipewa kuchagua, jiulize unataka kuondoka na nini. Wasilisho la mdomo linafaa kazi iliyokamilika, yenye hadithi moja na mwisho unaoeleweka. Bango linafaa kazi ambayo bado unaitafutia ushauri, au yenye undani wa kiufundi ambao watu wachache watautaka sana. Wengi huona bango kama nafasi ya walioshindwa kupata jukwaa. Sikubaliani nao. Jukwaani utapata maswali matatu kutoka kwa watu usiowaona vizuri. Kwenye bango unaweza kuongea robo saa nzima, uso kwa uso, na mtu mwenye kifaa unachokihitaji.

4. Kutengeneza bango

Kabla ya yote, pata vipimo vya ubao utakaobandikia na ujue kama umesimama au umelala. Bango la A0 lina milimita 841 kwa 1189, na A1 ni 594 kwa 841. Nimeona bango lililolala likining'inia kwenye ubao uliosimama, robo yake ikiwa imekunjwa nyuma. Ukishajua kipimo, kiweke kwenye programu siku ya kwanza. Ukibadilisha ukubwa mwishoni, kila kitu kitahama.

Kwa A0, kichwa cha bango kiwe na herufi za pointi 85 au zaidi, vichwa vidogo 40 hivi, na maandishi ya kawaida yasishuke chini ya 24. Kuna njia rahisi ya kuhakikisha. A4 ni robo ya A0 kwa upana na kwa urefu, kwa hiyo chapisha bango zima kwenye karatasi moja ya A4 na uishike kwa umbali wa kawaida wa kusoma. Kama unayasoma maandishi yote bila kufinya macho, bango litasomeka. Ukilazimika kusogeza karatasi puani, punguza maneno na ukuze herufi. Mimi hulenga maneno 400, na yakifika 600 najua nimeanza kuandika makala.

Kichwa cha bango kiwe ile sentensi yako, au toleo lake fupi. Mwaka 2019 Mike Morrison, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu wa saikolojia nchini Marekani, alitoa video akipendekeza bango ambalo katikati yake kuna sentensi moja tu ya matokeo kwa herufi kubwa sana, maelezo mengine yakikaa pembeni. Pendekezo hilo lilienea haraka. Kwa maoni yangu nusu yake ni dhahabu: sentensi kubwa isomeke kutoka mita kadhaa. Nusu nyingine naipunguza, kwa sababu sentensi tupu bila ushahidi humfanya mtaalamu asite. Weka sentensi juu, na chini yake, katikati, iwepo grafu moja kubwa inayoithibitisha.

Hiyo grafu ndiyo bango lenyewe, kwa hiyo ipe siku nzima. Ile ya kwenye makala yako haifai kama ilivyo. Turudi kwa mbegu zetu. Kwenye makala kuna grafu yenye mistari sita ya rangi sita, na kisanduku pembeni kinachoeleza rangi ipi ni ya muda upi. Msomaji anatazama mstari, anakwenda kisandukuni, anarudi, amesahau. Kwa bango, ondoa kisanduku na uandike jina la kila mstari mwishoni mwake, kwa rangi yake. Kisha jiulize ni mistari mingapi inayobeba sentensi yako. Ni mitatu: mbegu kavu, usiku mmoja, siku mbili. Mingine ipake kijivu hafifu, ionekane kwamba ipo lakini isipigane na hii. Futa mistari ya miraba iliyo nyuma ya grafu. Kwenye mhimili wa wima usiandike "Uotaji (%)" kwa herufi ndogo kama sisimizi. Andika "Mbegu zilizoota kati ya 100", isomeke. Palipo na vistari vya juu na chini ya nukta, eleza vinaonyesha nini: mtawanyiko wa vipimo vyenyewe, au uhakika wa wastani? Ni vitu viwili tofauti na mtu wa takwimu atakuuliza. Andika pia idadi ya sampuli pale pale kwenye grafu.

Rangi nazo zina mtego. Kati ya watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini, karibu mwanamume 1 kati ya 12 na mwanamke 1 kati ya 200 hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Ukitenganisha makundi yako kwa rangi hizo mbili, unaweza kuwa unamficha matokeo mtu aliyesimama mbele yako, tena pengine ndiye aliyeipitisha ikisiri yako. Bluu na rangi ya chungwa huonekana kwa karibu kila mtu. Ongeza tofauti ya umbo pia, duara kwa pembetatu, mstari mzima kwa mstari wa vidoti.

Kuhusu picha, kanuni ni fupi. Grafu zihamishe kama PDF au SVG ili zisipoteze makali zikikuzwa. Picha za kamera zinahitaji walau nukta 150 kwa kila inchi kwa ukubwa wa mwisho, yaani picha itakayochukua upana wa sentimita 30 iwe na pikseli kama 1,800. Picha iliyonakiliwa kutoka kwenye tovuti kwa kawaida haifiki huko.

Mpangilio uende kwa safu za kushuka, kushoto kwenda kulia, na yaliyo muhimu yakae usawa wa macho. Sehemu ya chini kabisa hakuna anayeinama kuisoma. Hapo weka shukrani, mfadhili na namba ya kibali cha maadili. Nembo za taasisi zikae pamoja mahali pamoja, ndogo. Msimbo wa QR unaopeleka kwenye makala au data uwe na upana wa sentimita 5 au zaidi, pembeni yake paachwe weupe, na ujaribiwe kwa simu mbili tofauti baada ya kuchapishwa. Kioo cha kompyuta hakitoshi kwa jaribio hilo.

Peleka faili la PDF kwa mchapaji siku kadhaa kabla ya safari, ubaki na muda wa kurudia kukitokea kosa. Mwombe mtu ambaye hajawahi kuliona alisome kwa sauti. Macho yako yamelizoea mno, huyaoni tena makosa yake. Ukisafiri kwa ndege, bango la karatasi likae kwenye bomba lake na uingie nalo mwenyewe. La kitambaa hukunjwa ndani ya begi na mikunjo hunyooka kwa pasi ya moto mdogo.

5. Kusimama kando ya bango

Fika mapema, na pini au utepe wa gundi wako mwenyewe mfukoni. Simama kando, usilizibe bango, simu uifiche. Mtu akisimama, msalimie, kisha mwache asome sekunde chache. Wengi hukimbia wakirukiwa na hotuba. Akiinua macho, muulize: "Nikueleze kwa kifupi?" Karibu kila mtu hukubali.

Andaa matoleo mawili. La kwanza la nusu dakika, kama hivi: "Watu wengi huloweka mbegu kabla ya kupanda, lakini hawakubaliani ni kwa muda gani. Tulijaribu muda wa aina sita. Usiku mmoja unatosha. Siku mbili zinaozesha. Grafu hii ndiyo inayoonyesha." Halafu nyamaza. Huo unyamavu ni mgumu kuliko maneno, lakini ndio unaompa mgeni nafasi ya kuuliza anachokitaka yeye. Toleo la pili ni la dakika tatu, kwa anayesema "endelea". Katika hilo gusa kwa kidole kila sehemu unayoitaja, ili macho yake yafuate.

Mapema kabisa muulize: "Wewe unafanya kazi gani?" Jibu lake litakuambia uongee lugha gani. Mtu wa takwimu atataka hesabu, anayefanya kazi na wakulima atataka kujua gharama, mwanafunzi atataka kujua ulianzaje. Akija mwingine ukiwa katikati ya maelezo, mpungie kichwa na umfungulie nafasi kwa sentensi moja: "Karibu, tunaangalia kwa nini za siku mbili zinaoza." Usimrudishe wa kwanza mwanzo kwa ajili ya wa pili.

Beba daftari dogo. Mgeni akishaondoka, andika jina lake, swali lake na ulichomwahidi, papo hapo. Jioni utakuwa umeongea na watu ishirini na sura zao zitakuwa zimechanganyika. Na kama hutaki bango lipigwe picha kwa kuwa data bado haijachapishwa, andika hivyo kwenye kona ya juu kwa herufi zinazoonekana.

6. Kuandaa wasilisho la mdomo

Nafasi ya dakika 15 kwa kawaida maana yake ni dakika 12 za kuongea na 3 za maswali. Andaa dakika 11. Ukumbini kuna kutambulishwa, kuna kutafuta faili, kuna kipaza sauti kinachokataa, na vyote vinakula muda wako.

Makala huanza mbali na kukaribia taratibu. Wasilisho halina nafasi hiyo. Swali liwe limejulikana kabla ya dakika ya pili kuisha. Mbinu zieleze kwa kiasi kile tu kinachomfanya msikilizaji aamini matokeo. Mapitio ya waliotangulia yawe sentensi mbili, labda tatu. Muda uliobaki wote ni wa matokeo mawili au matatu na maana yake. Kazi yenu ina matokeo saba? Manne yaache. Yakitajwa yote saba, hakuna litakalobaki kichwani mwa mtu.

Slaidi moja kwa dakika ni kadirio zuri, ingawa slaidi yenye grafu nzito inaweza kuhitaji dakika mbili. Juu ya kila slaidi andika sentensi kamili inayosema slaidi hiyo inathibitisha nini. Michael Alley, mwalimu wa mawasiliano ya kihandisi, ameitetea njia hii kwa miaka mingi: dai juu kwa sentensi, ushahidi chini kwa picha au grafu, bila orodha za vidoti. Badala ya kichwa "Matokeo", andika "Saa 12 majini zinatosha kuharakisha uotaji". Aliyepotea akiwaza jambo jingine akirudi, slaidi inampokea.

Herufi zisishuke chini ya pointi 24. Uliza skrini ya ukumbi ina uwiano gani wa upana kwa urefu, 16:9 au 4:3. Weka namba kwenye kila slaidi, ili muulizaji aseme "rudi ya saba" badala ya "ile yenye bluu". Majedwali ya makala usiyabandike. Kama tarakimu tatu ndizo za maana, andika hizo tatu, kubwa.

Sasa jambo ambalo naona likiwaharibia hata watafiti wazuri. Mtu anafungua grafu na papo hapo anasema, "Kama mnavyoona, kuna tofauti kubwa." Hatuoni. Yeye ameishi na grafu hiyo miezi. Sisi tumeiona sasa hivi. Ieleze kwa mpangilio huu, polepole: "Huku chini ni saa ambazo mbegu zilikaa majini, kutoka sifuri hadi arobaini na nane. Huku kwenye wima ni mbegu zilizoota kati ya mia. Kila nukta ni trei moja. Anzeni kushoto, kwenye mbegu kavu... sasa panda nami hadi saa kumi na mbili... na mwone kinachotokea tukipita hapo." Inachukua sekunde ishirini. Baada ya hapo kila mtu ukumbini anaisoma grafu pamoja nawe, na ikianguka upande wa kulia wataanguka nayo.

Slaidi ya mwisho isiwe neno "Asanteni" lililoandikwa kwa maua. Slaidi hiyo hukaa skrini muda wote wa maswali, ndiyo inayotazamwa kuliko zote. Iwe na sentensi yako, grafu yako ndogo, na anwani yako ya barua pepe. Shukrani kwa wenzako na kwa wafadhili ziseme kabla yake, pamoja na kutaja mgongano wa maslahi kama upo. Baada yake ficha slaidi chache za akiba zenye majibu ya maswali unayoyatarajia.

7. Mazoezi

Kusoma slaidi kimoyomoyo kitandani si mazoezi. Simama, ongea kwa sauti, saa ikitembea. Mara ya kwanza utapitiliza muda. Hiyo ni kawaida. Dawa si kuongea haraka, ni kufuta. Fanya hivyo walau mara tano, moja kati ya hizo mbele ya wenzako, na mmoja wao awe wa fani nyingine, kwa sababu yeye ndiye atakayekuambia wapi alipotea.

Sentensi mbili za kwanza na ile ya mwisho zikariri neno kwa neno. Woga huwa mkali zaidi katika nusu dakika ya mwanzo, na ulimi ukiwa na njia iliyozoeleka utakupitisha. Katikati usikariri, ukisahau neno moja utakwama pote. Jua badala yake jambo moja ambalo kila slaidi inasema. Chagua pia mapema slaidi moja utakayoiruka ikitokea umechelewa, ili usifanye uamuzi huo ukiwa jukwaani.

Kama mkutano unaendeshwa kwa lugha usiyoizoea, orodhesha maneno ya kiufundi yanayokukwaza na uyatamke kila siku kwa wiki moja. Fupisha sentensi. Ongea polepole kuliko unavyodhani inafaa. Wengi wa wanaokusikiliza huenda nao hawakuzaliwa na lugha hiyo.

8. Siku yenyewe

Faili liwe kwenye flashi, kwenye barua pepe yako, na liwe pia la PDF. Fonti zipachikwe ndani ya faili, la sivyo kompyuta ya ukumbini itaweka zake na maandishi yatamwagika nje ya visanduku. Nenda ukalipakie mapema, ulifungue, upitie kila slaidi, video zote zichezwe. Ukitumia kompyuta yako, beba kiunganishi cha HDMI.

Mtafute mwenyekiti wa kikao, mwambie jina lako linavyotamkwa. Panda jukwaani kikao kabla hakijaanza, usimame hapo, utazame viti. Kipaza sauti cha kubana nguoni kiweke upande utakaogeukia skrini, sauti isipotee ukigeuka.

Kitochi cha leza huonyesha mtetemo wa mkono kwa ukumbi mzima, na kwenye skrini za kisasa zinazotoa mwanga wenyewe mara nyingi hakionekani kabisa. Mshale wa kipanya ni bora, tena wanaofuatilia kwa mtandao wanauona pia. Kwenye PowerPoint, herufi B hufanya skrini kuwa nyeusi ukitaka watu wakutazame wewe, na ukiandika namba ya slaidi kisha ukabonyeza Enter unaruka moja kwa moja hadi hapo. Hili la pili litakuokoa wakati wa maswali.

Ukionyeshwa kwamba zimebaki dakika mbili, ruka ile slaidi uliyoichagua, uende kwenye hitimisho. Kupitiliza muda ni kuchukua dakika za anayekufuata, naye kajiandaa kama wewe. Projekta ikizima, usisimame kimya ukisubiri fundi. Sema sentensi yako, eleza grafu kwa mikono. Nimewahi kulishuhudia hilo, na ukumbi ulisikiliza kwa utulivu ambao slaidi hazijawahi kuuleta.

9. Maswali

Wiki moja kabla, andika maswali kumi unayoyaogopa, pamoja na majibu yake. Yale unayoyaogopa ndiyo huulizwa.

Swali likija, lisikilize mpaka mwisho, kisha lirudie kwa kifupi kwenye kipaza sauti. Wa nyuma hawakulisikia, na wewe unapata pumzi. Jibu kwanza kwa neno moja au sentensi moja, "ndiyo", "hapana", "kwa mbegu hizi tu", ndipo uongeze maelezo. Usilolijua, sema hulijui, na useme lingewezaje kuchunguzwa: "Hatukupima joto la maji. Ni kweli linaweza kubadilisha matokeo, na jaribio lijalo litakuwa na joto la aina tatu." Hakuna anayekudharau kwa jibu hilo. Anayebahatisha ndiye anayepoteza imani ya ukumbi, kwa sababu kuna mtu amekaa pale anayejua.

Akisimama mtu kutoa hotuba badala ya swali, msikilize, mshukuru kwa nukta moja aliyoitaja, mwombe mzungumze wakati wa mapumziko. Mwenye ukali mjibu swali lake, siyo ukali wake. Na ikiwa amekuonyesha kosa la kweli, likubali hapo hapo: "Nashukuru, hilo tutalirekebisha."

10. Ukisharudi

Ndani ya siku mbili fungua lile daftari na uwaandikie wote uliowaahidi kitu, ukiwakumbusha swali waliloliuliza na kuambatisha jibu. Waandishi wenza wapelekee orodha ya maswali yote uliyoulizwa, hata yale yaliyokuudhi, kwa kuwa wakaguzi wa makala wanaweza kuuliza yayo hayo. Wote wakikubali, bango liweke kwenye hazina ya wazi kama Zenodo, inayoendeshwa na CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia. Ni bure, na utapewa namba ya kudumu ya DOI ambayo wengine wanaweza kuinukuu. Faili lenye data za watu wanaoweza kutambulika, au picha ya mgonjwa ambaye hakuridhia, lisiwekwe huko, na lisingepaswa kuwa kwenye bango tangu awali.